Nyuma ya Bwana Harusi Kuna Ukoo

Mhaya hapigi picha ili aonekane yeye. Yeye anajijua, na kwa kawaida anajijua kupita kiasi kinachohitajika. Anapiga picha ili ionekane nyumba iliyo nyuma yake, bati la rangi lililoezekwa juzi, gari la shemeji lililoegeshwa penye mwanga, migomba iliyonona na, Mungu akijalia, jirani aliyesimama kwa mbali akitazama kwa wivu. Picha ni ushahidi. Inatumwa Mwanza, inatumwa Dar es Salaam, inatumwa kwa binamu aliyeko ughaibuni ambaye aliahidi mifuko ya saruji na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Ukimfutia Mhaya kilicho nyuma yake umemwachia uso tu, na uso hata kitambulisho cha taifa kinao.

Mimi ni mpiga picha mnato hapa Bukoba, mkoani Kagera. Riziki yangu ni harusi, sendofu, kipaimara na misiba ya watu wenye uwezo. Miaka ya karibuni ugomvi wangu na wateja umekuwa juu ya kitu kimoja: ukungu. Simaanishi ule unaopanda kutoka ziwani alfajiri, huo hauna mdai. Namaanisha ule wa kutengenezwa. Mteja anakuja na simu mkononi, ndani yake kuna picha ya bibi harusi wa Dar es Salaam, uso unang'aa, nyuma kila kitu kimeyeyuka. "Nataka hii ya nyuma kuyeyuka," anasema. Kisha anatupa swali la pili, ambalo nina hakika wenzangu wa Dodoma hawaulizwi hata robo ya ninavyoulizwa mimi: "Na kamera yako ni fulufremu?"

Huu ni mkoa wa kina nshomile. Mtu aliyesoma, yaani mtu yeyote yule, hawezi kulipia kitu bila kujua kilivyoundwa. Nimewahi kuitwa mbele ya kamati ya harusi niliyodhani inataka kujua bei, kumbe mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia na alitaka kujua milimita. Nitafika kwake. Kwanza tushuke ziwani.

Maharusi wa Bukoba, na wa Muleba wenye nauli, lazima wapige picha ufukweni. Mbele ya mji, ndani ya maji, kuna kisiwa cha Musira, na picha ya harusi bila Musira ina upungufu ambao wazee watauona kabla ya kumwona bibi harusi. Shida ya kwanza ni jua. Bukoba iko kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa hiyo jua linatoka ziwani asubuhi na jioni linazama nyuma ya vilima. Bibi harusi mmoja alitaka jua linalozama majini, aliloliona katika picha ya Zanzibar. Nikamweleza kwamba jua la majini tunalo, ila kwetu linapatikana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na linapanda badala ya kushuka. Msusi wake akajibu kwa niaba yake kwamba saa hiyo hata moto wa kuchemshia maji haujawashwa. Tukakubaliana jioni: jua mgongoni mwangu, Musira mgongoni mwao.

"Nyuma iyeyushe," akaagiza bwana harusi, kijana wa Muleba aliyekuja na wapambe waliojaa Noah mbili.

Nikampa alichoagiza. Fulufremu ya kukodi, lenzi ya milimita 85, tundu limefunguliwa hadi f/1.8, maharusi wakiwa mita 3 kutoka kwangu. Katika hali hiyo eneo linalotoka kali, ambalo mafundi tunaliita kina cha fokasi, lina unene wa sentimita 13 hivi. Ndani ya sentimita hizo ungeweza kuhesabu kope za bibi harusi, za bandia na za Mungu. Nje ya hapo, kila mtu na bahati yake.

Albamu ilipofika Muleba, simu ikalia. Alikuwa baba wa bwana harusi.

"Mwanangu, hongera kwa kazi. Sasa kisiwa kiko wapi?"

"Kipo, mzee. Ni ile bluu iliyokoza nyuma ya bega la kushoto."

"Ile ni Musira?"

"Ndiyo, mzee."

"Huku tumebishana. Mama yake anasema ni wingu. Mdogo wangu anasema ni kiboko amelala. Mimi nimelipa gari mbili ziende Bukoba kupiga picha na ziwa. Kwa picha hii tungetundika pazia la bluu hapa hapa Muleba, mafuta yakabaki."

Kijana alitaka kuyeyusha, mzee aliyelipa alitaka kisiwa, na kamera ilimtii mmoja tu.

Turudi kwa mwalimu wa fizikia. Alinikalisha mbele ya kamati nzima, akafungua daftari, akaniomba nianze na vipimo. Nikamweleza. Sensa ni kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, pale palipokuwa pakikaa filamu. Fulufremu ina milimita 36 kwa 24. APS-C, ambayo tunaiita kropu, ina karibu milimita 23.5 kwa 15.6 katika kamera za Nikon na Sony, na 22.3 kwa 14.9 katika Canon. Micro Four Thirds ina 17.3 kwa 13. Chini yake kuna sensa inayoitwa ya inchi moja, yenye milimita 13.2 kwa 8.8. Ukiipima kona hadi kona unapata milimita 16, wakati inchi moja ni milimita 25.4. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni, ambayo ilipimwa unene wake wa nje, pamoja na ganda.

"Wanapima kahawa na gunia lake," akasema mwalimu, na kamati yote ikatikisa kichwa kwa uchungu wa watu wanaolijua gunia hilo.

Simu nyingi za kawaida zina sensa ndogo zaidi, pengine milimita 6 kwa 4 na kitu. Fulufremu ina eneo la milimita za mraba 864. Sensa ya namna hiyo ya simu haifiki 30.

"Basi sensa kubwa ndiyo inayeyusha nyuma," akahitimisha mweka hazina, aliyetaka tufike kwenye bei.

Mwalimu akamzuia kwa kidole. Swali lake lilikuwa zuri kuliko ya wateja wangu wote: ukichukua lenzi ileile, tundu lilelile, ukasimama palepale, ukaifunga kwanza kwenye fulufremu kisha kwenye kropu, na picha zote mbili ukazisafisha kwa ukubwa mmoja, ipi ina kina kirefu? Kamati ikanitazama. Jibu ni fulufremu. Picha ya kropu ni kipande kilichokatwa katikati, na ili kifikie ukubwa wa mwenzake lazima kivutwe zaidi, na ukivuta unavuta pamoja na ukungu wake. Mweka hazina akaniangalia kwa macho ya mtu anayeibiwa.

Lakini hakuna anayepiga picha hivyo. Mpiga picha anataka watu walewale waenee kwenye fremu. Mwenye sensa ndogo, akitaka waenee akiwa palepale, lazima atumie lenzi fupi zaidi. Na hapo ndipo siri ilipo, maana namba ya tundu ni mgawanyo: urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Lenzi ya milimita 25 kwenye Micro Four Thirds, inayoona upana karibu uleule, kwenye f/2 hiyohiyo ina tundu la milimita 12.5. Lenzi ya simu yenye milimita 4.5 kwenye f/1.8 ina tundu la milimita 2.5, mlango wa sisimizi. Kinachoyeyusha nyuma ni upana halisi wa tundu hilo. Sensa kubwa inakuruhusu tu kulifungua pana, haikulazimishi.

Mwalimu akafunga daftari akasema nimefaulu. Ajenda ya soda ikaahirishwa kwa kukosa muda, na kazi nikapata kwa bei ya mweka hazina.

Jambo ambalo sikumwambia, kwa kuwa angelifanya somo la siku ya pili, ni kwamba hiyo fulufremu tunayoringiana nayo ilizaliwa ikiwa kamera ndogo ya kudharauliwa. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz kule Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu na kubeba kamera za mabamba ya kioo milimani kulimtesa. Karibu mwaka 1913 akaunda kamera ya mfukoni iliyotumia filamu ya sinema. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Yeye akaunganisha mbili, zikawa 24 kwa 36. Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925, na wenye kamera kubwa wakaiona ni kichezeo. Leo kichezeo hicho ndicho kinachoitwa "fulu", na kuna watu hapa Kashai wanaingia nacho ukumbini kifua mbele wakidhani wamebeba ukubwa wenyewe.

Mmoja wa watu hao ni binamu yangu, ila yeye anakaa Dar es Salaam. Desemba moja alikuja Kamachumu kwa Krismasi, na begi la kamera lenye magurudumu. Ukoo ulikuwa umejaa: wazee wamevaa kanzu na koti, wanatafuna kahawa, akina mama wamevaa mishanana, watoto wasiohesabika. Nyuma yao kulikuwa na mambo matatu ambayo ndiyo hasa yaliyowakusanya watu. Nyumba mpya yenye bati la rangi ya damu ya mzee. Ng'ombe. Na kaburi la babu lililotiwa vigae kwa michango iliyogombanisha watu hadi kwenye kundi la WhatsApp.

Wakapangwa. Watoto mkekani, wazee vitini, nyuma yao safu tatu za waliosimama. Binamu akarudi nyuma mita 7 kutoka kwa wazee, lenzi ya milimita 50, tundu f/1.4. Nikamwambia kwa heshima, maana ni mkubwa wangu, afunge kidogo. Akanijibu kwamba lenzi ya 1.4 haikununuliwa ili ifungwe. Hapo nilinyamaza, kwa sababu bei ya lenzi ile naijua, na aliyeilipa anaona kila namba juu ya 1.4 ni hela inamwagika.

Hesabu yake ni hii. Kwa f/1.4 katika umbali huo, ukali unaanzia mita 6.3 na kuishia mita 7.9. Wazee walitoka safi, kila kunyanzi mahali pake. Safu ya kwanza ya waliosimama ilipona. Watoto wa mkekani waliingia ukungu kidogo, na kwa kuwa walikuwa wanatikisika hakuna aliyejua tofauti. Safu ya pili na ya tatu zilikwenda.

Sasa ni lazima ujue nani alisimama wapi. Safu ya kwanza walikuwa watoto wa nyumba kubwa. Nyuma yao, nyumba ndogo.

Picha iliwekwa kwenye kundi la ukoo usiku uleule. Mjomba wa nyumba ndogo akaja asubuhi kabla ya chai, amevaa koti.

"Mlianza na mpaka wa shamba," akasema, "sasa mmefika kwenye picha."

"Mjomba, si hivyo," binamu akajitetea. "Hiyo ni boke tu."

"Boke ni nani?"

"Ni ule mtindo wa kuyeyusha..."

"Nauliza, Boke ni nani? Kama ni mke umeoa Tarime, sema tumpokee. Lakini Mkurya mgeni hawezi kuja hapa akaamua nani aonekane kwenye ukoo wa watu."

Ilibidi atafutwe mzee wa upande wa tatu kusuluhisha, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Mimi nilikuwa nimepiga picha ileile pembeni ya binamu, kwa kropu yangu iliyochakaa, lenzi ya milimita 35, tundu f/8. Kwa vipimo hivyo ukali unaanzia mita 3.7 na kuvuka mita 80. Nyumba kubwa, nyumba ndogo, bati, ng'ombe, vigae, vyote vilisimama dede. Mjomba akaitazama, akahesabu watu wake mmoja mmoja, akavua koti.

Ningependa kukuambia kwamba hapo nilibebwa juu juu. Ila kina kirefu hakichagui. Upande wa kulia, kati ya mibuni, alionekana fundi aliyeezeka bati, ambaye alikuwa amekuja kimya kimya kudai salio lake, na sasa uso wake wa kudai ulikuwa umeingia kwenye kumbukumbu za ukoo, mkali kuliko wa mzee yeyote. Upande wa kushoto ilionekana kamba ya nguo. Shangazi alikuza picha kwa vidole viwili, akakuza tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kufundishwa adabu. Hata mshono uliofumuka ulionekana.

Niseme kwa haki: kamera ya binamu haikuwa na hatia. Fulufremu yake hiyohiyo, lenzi hiyohiyo ya 50, angeifunga hadi f/8, ukali ungeanzia mita 4.2 hadi mita 21. Nyumba ndogo yote ingeingia na shauri la mpaka lingebaki mahakamani lilikozoea.

Kulikuwa na kamera ya tatu siku ile, simu ya mpwa wangu wa kike. Kwa tundu lake la milimita 2 na kitu, simu haiwezi kuyeyusha chochote: ukiilenga mita 2, ukali unaanzia karibu na mita 1 na unakwenda mpaka upeo wa macho. Kwa hiyo watengenezaji wakaipa akili ya kukisia. Simu inatazama, inaamua nani yuko mbele, inachora mpaka kumzunguka, na nje ya mpaka inapaka ukungu kwa hesabu za programu. Kwa mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe inafanya kazi ya kupendeza. Kwa shangazi aliyesimama mbele ya migomba, amevaa kilemba chenye mabawa, ameshika kibuyu chenye mrija, ni mtihani ambao simu ilifeli. Ilikata bawa moja la kilemba ikaliacha lingine. Iliula mrija katikati, ikawa shangazi anakunywa rubisi kwa miujiza. Sikio la kushoto likawa la mgomba. Mpwa wangu akasema itarekebishwa kwenye toleo jipya. Shangazi akasema yeye hana toleo jipya.

Haya yote yananirudisha kwa waliotutangulia, ambao hawakuwahi kuona fahari katika kufuta. Wajerumani walipoweka kituo chao hapa Bukoba mwaka 1890 chini ya Emin Pasha, kamera za wakati ule zilitumia mabamba ya kioo. Saizi ya sentimita 13 kwa 18 ilikuwa ya kawaida, eneo la mara 27 ya fulufremu. Kwa mantiki ya wateja wangu, picha za zama hizo zingekuwa ukungu mtupu. Kumbe mfalme na watumishi wake wa mwisho kabisa wanatoka wakali, kwa kuwa mpiga picha alikifunga kitundu mpaka kikabaki cha sindano na kuwaamuru watu wasitikisike. Ndiyo maana wazee wale wanaonekana wamekasirika; walikuwa wamebana pumzi. Kule California, mwaka 1932, akina Ansel Adams na Edward Weston walianzisha kikundi wakakiita Group f/64, jina la tundu dogo kabisa, kwa sababu walitaka jiwe la miguuni na mlima wa mbali vyote viwe vikali. Kamera zao zilikuwa za sentimita 20 kwa 25.

Na kwenye pwani yetu, mandhari ya nyuma yalikuwa mali ya kununuliwa. Mteja wa Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza Zanzibar mwaka 1930, au wa studio ya N. V. Parekh pale Mombasa, alijua kwamba kilichoko nyuma kinamsema kuliko suti. Omar Said Bakor wa Lamu alikata picha kwa mkasi na kumgandisha mtu mahali ambapo hajawahi kufika. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni miaka ya 1990 waliweka mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Watu walilipa ili waongezewe nyuma. Sisi tunalipa ili tupunguziwe.

Sasa nitaitetea sensa kubwa, maana nimeisema vya kutosha, na kwa Kagera ina sababu moja nzito ambayo haimo katika kitabu chochote cha kamera. Sababu hiyo ni senene, wale panzi wa kuliwa.

Ilikuwa sendofu huko Muleba, mwezi wa Novemba, turubai limefunguliwa pande zote, usiku. Watu wa video walikuja na taa za kutosha kuchezea mpira uwanja wa Kaitaba. Tundu la f/8 linapitisha mwanga pungufu mara 20 hivi ukilinganisha na f/1.8, na wao walitaka f/8, kwa hiyo wakawasha zote. Kila mtoto wa mkoa huu anajua kinachotokea ukiwasha taa kali usiku wa Novemba. Senene wa kwanza alitua kwenye keki. Wa pili kwenye shela. Ndani ya dakika chache hewa ilikuwa ya kijani, na wageni waalikwa, wakiwemo watu wazima wenye vyeo, walikuwa wamevua makoti wanakamatia. Emsii aliwasihi warudi vitini, kisha sauti yake ikakatika; alikuwa ameweka maiki chini apate mikono miwili. Bibi harusi mtarajiwa alibaki peke yake jukwaani na bahasha. Mama yake mkubwa aliondoka na senene waliojaa sufuria ya wapishi, akasema sendofu haijawahi kumlipa namna ile.

Mwenye fulufremu angepiga sherehe ile kwa mwanga hafifu wa balbu za ukumbi, f/1.8, ISO juu, na senene wangepita zao kwenda kwa wengine. Katika giza, kwa mtu mmoja au wawili wanaocheza, sensa kubwa ni neema: inakusanya mwanga mwingi na chenga zinakuwa chache. Lakini neema hiyo ina sharti ambalo muuzaji hakuambii. Ukitaka ukoo mzima uwe mkali, lazima ufunge tundu, na ukifunga umerudisha mwanga dukani. Fulufremu kwenye f/8 na ISO 1600, na Micro Four Thirds kwenye f/4 na ISO 400, kwa kasi moja ya shata, zinakupa kina kilekile na, kama sensa ni za kizazi kimoja, chenga karibu zilezile. Tofauti inayobaki ni uzito shingoni na deni.

Senene mwenyewe naye ana msimamo katika mjadala huu. Mpwa wangu anauza senene wa kukaanga kwenye vikopo, akataka picha ya lebo: senene mmoja, karibu, aonekane mzima. Binamu akajitolea kwa lenzi yake ya vitu vidogo. Katika ukaribu ambao senene anachorwa kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, kwa f/2.8, kina cha fokasi kwenye fulufremu ni theluthi moja ya milimita. Akapata jicho. Jicho zuri sana, ila mteja hali jicho. Mpwa akachukua simu yake, ileile iliyokula mrija wa shangazi, akazima akili zake za kukisia, akapiga mara moja. Antena, miguu, mabawa, vyote vikaingia. Ndiyo iliyoko kwenye kikopo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayepanga harusi Bukoba, Muleba au kokote ambako picha hupitiwa na wajomba, acha kuuliza kamera ina sensa gani. Kwa kazi ya mchana na safu za watu, kropu inatosha na hela inabaki kwa ajili ya soda. Kwa ukumbi wa giza na maharusi wawili wanaocheza, lipia sensa kubwa, hasa Novemba. Kwa vyote viwili, muulize mpiga picha swali moja tu: safu ya nne utaipiga kwa tundu namba ngapi? Akijibu nane, mpe kazi na chakula. Akijibu moja nukta nne, mpe chakula. Na kabla hajabonyeza, mtume mtoto akaanue nguo kwenye kamba.